Mtoto hana mji wa muda

Wa Dar najua mnajipepea, wa Mbeya mmejifunika, na sisi wa Dodoma tunapangusa vumbi juu ya meza kwa mara ya tatu leo. Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na za nani kaachana na nani. Nataka niongee na wenzangu wanaoishi kwenye mji ambao si wao, kwa mkataba, kwa uhamisho au kwa kibarua cha miezi kadhaa, na ndani ya nyumba hiyo ya kupanga kuna mtoto anayetambaa. Najua tuko kibao.

Watu wa namna yetu tunajuana kwa neno moja tu: "kwa muda". Mbona hujanunua kabati? Aa, tupo kwa muda. Mbona dirishani umetundika kanga badala ya pazia? Si tupo kwa muda. Jirani wa chumba cha pili anaitwa nani? Sijui bwana, tunaondoka karibuni. Tunaishi kama abiria ambao basi limesimama wapate kula. Mtu anatafuna chipsi zake huku sikio liko kwenye honi.

Dodoma yenyewe inaijua hali hiyo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mpango ulikuwa wa miaka kumi. Bunge likaja mwaka 1996. Serikali ikaanza kufunga mizigo kweli kweli baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka arobaini watu wakisema "tunahamia, tunahamia". Na katika miaka yote hiyo watoto walizaliwa Majengo, Chang'ombe na Kikuyu, wakatambaa, wakaota meno, bila kusubiri faili la mtu.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mtoto hana mji wa muda. Mkataba ni wa baba, uhamisho ni wa mama, yeye hakusaini popote. Pale mlipo ndipo duniani kwake.

Nasema hivyo kwa sababu ninaye mmoja. Ana miezi kumi, na shemeji yenu kampa jina la Mkaguzi. Si mnajua tena, ukikaa mji wa serikali hata majina ya utani yanakuwa ya kiserikali. Tulitoka Tandika mtoto akiwa na miezi mitano, na mali yetu yote ikiwa godoro, jiko la gesi, maboksi manne na mfuko wa shangazi kaja. Shemeji yenu ni fundi umeme, kapata mkataba wa mwaka mmoja kwenye majengo yanayopanda kule Mtumba. Tukapanga chumba na sebule Nkuhungu, kodi ya miezi sita mkononi mwa mama mwenye nyumba kabla hata ya kupewa ufunguo.

Alipokuwa na miezi mitano alikuwa mtu wa kulazwa hapa ukamkuta hapo hapo. Alipofika saba na nusu akaanza kujivuta kwa tumbo kama askari mazoezini. Miezi minane akanyanyua magoti, na tangu siku hiyo amani ikaondoka ndani ya nyumba. Asubuhi anaanza na viatu. Anavigeuza, anaonja kisigino, anaviacha. Anakwenda kwenye kapu la vitunguu, anatoa kimoja kimoja kama karani wa ghala. Kisha mlango. Kisha waya wa chaja ya simu, ambao kila siku naupandisha juu zaidi na kila siku mkono wake unarefuka. Mchwa akipita ukutani, kazi inasimama mpaka mchwa apotee ufani.

Na kila kitu lazima kipite mdomoni. Shangazi zangu wanasema ni meno. Meno yapo, lakini si hayo tu. Katika umri huu midomo na ulimi vinamweleza mtoto mambo mengi kuliko vidole: kigumu au laini, cha baridi au cha moto, kina kona au hakina. Ukimwona anabugia kifuniko cha sufuria ujue anakisoma.

Maboksi yale manne, wapenzi, tuliyapanga ukutani yakiwa na gundi yake. Shemeji yenu alisema hakuna haja ya kuyafungua, mwaka mmoja si kitu. Mkaguzi hakupewa taarifa hiyo. Siku moja nasikia kimya, na nyinyi wenye watoto mnaijua hatari ya kimya. Naenda sebuleni namkuta kachana boksi la kwanza kwa kucha, kakaa katikati ya albamu ya harusi, taulo na vikombe vya chai. Basi vikombe vikapata rafu. Taulo zikapata msumari. Wiki ile ile nikanunua pazia Soko la Majengo, la kijani, bei ya kubembelezana.

Kwa majirani ikawa vile vile. Miezi miwili ya mwanzo mimi ni "habari za asubuhi" na kupita zangu. Sasa kuna bibi mmoja wa Kigogo nyumba ya tatu, anaanika mlenda kwenye ungo pale barazani kwake. Mkaguzi kampita kuku, kampita mbuzi, kachota mlenda mkavu gao zima na kujipaka usoni. Mimi nakimbia huku natafuta maneno ya kuomba radhi. Yule bibi kacheka mpaka kashika mbavu, kamwinamia mtoto: "Mbukwa!" Hiyo ni salamu ya Kigogo. Tangu hapo sisi ni watu wa baraza hiyo. Nimefundishwa kupika mlenda usiovutika kama gundi, nimeonyeshwa duka lenye unga mzuri wa uwele, na nimeambiwa kuwa kwenye ngoma ya muheme wanaopiga ni akina mama, wanaume wakae pembeni watazame. Haya yote kayaleta mtu asiyejua kusema hata "mama".

Mpaka hapo ni kicheko. Sasa sikilizeni upande wa pili.

Mwezi uliopita simu ikalia kutoka Tandika. Mama yangu mzazi. Salamu fupi, kisha hoja: "Mwanangu, mleteni mtoto huku." Akapanga sababu zake kama wakili. Huko kuna vumbi, mtoto anakohoa. Huko kuna upepo wa baridi usiku. Huko maji mnayapata kwa zamu. Huko huna dada wa kazi wala ndugu. Mimi nipo, nyumba ipo, nimewalea nyinyi watano, nitashindwa na huyu mmoja? Mkataba ukiisha mtamchukua.

Na kusema kweli mama hakuwa amezusha. Vumbi lipo, na kwetu maji hutoka siku fulani na siku nyingine ni madumu. Halafu wiki hiyo hiyo nikaambiwa kuna kazi ya kushika kaunta kwenye duka moja mjini, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Jamani, mimi nalipwa kwa makala. Makala isipotoka, mfuko hautoki. Mshahara wa kila mwezi kwa miezi saba iliyobaki ungetuwekea akiba ya kurudi nayo Dar tukiwa watu. Shemeji yenu akaguna tu, "Amua wewe." Mnawajua wanaume wakisema amua wewe.

Wiki mbili nilikaa sijamjibu mama.

Katika wiki mbili hizo nikawa nasoma kila ninachokiona kuhusu watoto, na nikakutana na kisa kilichotokea hapa hapa jirani. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja wa saikolojia, Mary Ainsworth, alifika Kampala. Hakuitwa yeye. Mumewe ndiye aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, naye akamfuata. Unaona? Mwenzetu! Mke wa mtu wa mkataba, mji wa watu, kaa utafute la kufanya. Akaamua kwenda vijiji vya karibu na Kampala kuangalia watoto wachanga wa Kiganda na mama zao. Familia 26, anakaa nao sebuleni saa mbili hivi, na kila baada ya wiki mbili anarudi, kwa miezi kadhaa. Mwaka 1955 akaondoka Uganda. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kikatoka mwaka 1967, na mpaka leo wataalamu wa malezi duniani wanakirudia.

Aliona nini? Aliona jambo ambalo kila mama amewahi kuliona bila kuliandika. Mtoto akishaanza kutambaa anaondoka kwa mama yake kwenda kuchungulia dunia, halafu anarudi, anamgusa goti au anamtazama tu, kisha anaondoka tena na safari hii anafika mbali zaidi. Mama kwake ni kituo cha kutokea. Mama akiinuka akatoka, watoto wengi wa umri huo waliacha uchunguzi wao. Yaani ule utundu tunaoulalamikia unasimama juu ya mtu. Mtu akiondoka, utundu unakosa pa kusimama.

Kuna na mzee mwingine wa Uswisi, Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980. Huyu aliwachunguza wanawe watatu mwenyewe, akaandika kuwa mtoto akiwa na karibu miezi minane ndipo anaanza kutafuta kitu kilichofichwa. Kabla ya hapo ukifunika kijiko kwa kitambaa, kwake kijiko kimekwisha habari yake. Nimemjaribu Mkaguzi kwa kijiko na kweli anafunua. Lakini hapo hapo ndipo penye kasheshe. Zamani nikienda uani alikuwa hajali. Siku hizi anajua nipo mahali fulani, ila hajui ni wapi, na hapo ndipo kilio kinapoanzia. Umri wa kufunua kijiko ndio umri wa kumkosa mama.

Mnaweza kusema mambo ya vitabuni hayo. Sawa. Basi niwape la kwangu. Siku ya kliniki ya shoga yangu mmoja nilimsindikiza, nikamwacha Mkaguzi kwa yule bibi wa mlenda, ambaye anampenda ile mbaya. Nilikaa karibu saa tatu. Niliporudi nikauliza, vipi, kakuvurugia nyumba? Bibi akatikisa kichwa. Hakulia, akasema, kala uji vizuri, lakini alikaa pale mkekani anatazama mlango. Ungo wa mlenda uko hatua mbili, hakuugusa. Kuku kapita, hakumfuata. Aliponiona akanikumbatia mguu, dakika moja tu, kisha huyoo, moja kwa moja kwenye ungo.

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo nilipopata jibu la simu ya mama. Saa tatu tu ukaguzi ulisimama. Miezi saba ingekuwaje? Kwenye miezi saba hiyo atasimama, atapiga hatua, atasema neno la kwanza. Ningempeleka anatambaa, ningemchukua anakimbia, na sebule ya Tandika ingekuwa kwake mji mgeni kuliko Nkuhungu.

Sijamsema mtu hapa. Mimi mwenyewe nimekaa kwa bibi yangu miaka miwili na nilipendwa. Mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, hata yule mama wa Kampala aliwaona watoto waliowazoea baba na bibi zao vilevile. Wapo wanaolazimika, kwa ugonjwa, kwa masomo, kwa njaa, nao si wazazi wabaya. Ninachopinga ni kumhamisha mtoto kwa sababu tu sisi wakubwa tumeamua kuwa mji huu hauhesabiki. Kwake unahesabika. Ndio pekee anaoujua.

Nikampigia mama. "Mama, mtoto habaki, ila wewe njoo." Kimya kidogo. "Nije nilale wapi?" Nikamwambia kitandani, sisi tutashuka na godoro. Akaja na treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, akashuka anasifia viti mpaka leo. Mkaguzi siku mbili za kwanza alimtazama kama mtu wa kodi. Siku ya tatu alikuwa mgongoni mwake. Kakaa wiki tatu, kaonana na bibi wa mlenda, na sasa wanapigiana simu wao kwa wao.

Kazi ya kaunta nimeikosa. Nisiwafiche, mwezi huu dagaa tumewaona mara nyingi kuliko nyama, na akiba ni ya kuokoteza. Ndiyo bei yake, nimeilipa nikijua.

Sasa kwa wewe mwenzangu uliye mji wa watu na una mtambaaji, chukua haya machache.

Kwanza, piga magoti. Si kusali, ingawa nako ni kuzuri. Piga magoti utambae nyumba nzima uone anachokiona yeye. Ndoo ya maji yenye kina kidogo tu inaweza kumzamisha mtoto akitumbukiza kichwa, kwa hiyo funika au pandisha juu. Jiko la mkaa liwe mahali asipofika hata likishazimwa, maana mkaa hukaa na moto kimya kimya. Betri ndogo za saa na rimoti, sarafu na karanga zisiwe chini.

Pili, mafuta ya taa na dawa za choo zisikae kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kimbiza hospitali.

Tatu, kila mji una wadudu wake, waulize wenyeji. Huku kwetu ni nge. Kung'uta viatu na shuka, inua godoro, usirundike mbao karibu na mlango.

Nne, kadi ya kliniki isafiri na wewe, tena kwenye pochi na si ndani ya boksi. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kliniki ya mji wowote inaipokea kadi hiyo. Wengi wanaohama huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili.

Tano, mjue jirani mmoja, mmoja tu, kwa jina. Mtoto atakusaidia.

Sita, kiwepo kitu kisichobadilika mnapohama. Kwa Mkaguzi ni kanga moja ya rangi ya zambarau, ya kulalia. Nyumba inaweza kubadilika, harufu ya kanga isibadilike.

Najua hatakumbuka. Ni wachache wanaokumbuka chochote cha kabla ya miaka mitatu. Akikua nitamwambia uliishi Dodoma, ataniuliza kweli mama? Hatalijua pazia la kijani wala ungo. Lakini kufunua, kuvuta, kuuliza kwa kidole, kwenda mbali na kurudi, hayo kajifunzia hapa, na atayabeba hata tukirudi Tandika, hata tukipelekwa Mwanza au Mtwara.

Basi kwa leo niishie hapo, Mkaguzi keshafika kwenye simu ninayoandikia. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe mwenye boksi chini ya kitanda lenye gundi tangu mwaka juzi, leo lifungue. Kwaherini.